Niliunguza Mara Moja

Mama mkwe wangu hapokei simu ya mtu asiyemjua. Akiipokea, ujue ni kwa ajili ya kumsema huyo mtu. Hayo yalianza mwaka ule alipopigiwa akaambiwa ameshinda friji, akakaa wiki nzima anapanga pa kuiweka, mpaka shemeji yangu mkubwa alipokuja kumweleza kwamba wale ni matapeli. Tangu siku hiyo, kila namba ngeni kwake ni watu wa friji.

Nayatanguliza haya kwa sababu bila friji hiyo mimi na Bwana Nukta tusingejuana.

Nilipika shuleni miaka kumi na tisa. Kisha shule ikaamua chakula kiwe kinaletwa kimeshapikwa, masufuria yetu yakafunikwa kifudifudi stoo, na sisi tukaagwa kwa chai na mkate. Wiki hiyohiyo simu yangu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji ya kuoshea mchele, na haikuwaka tena. Nikaanza kutafuta kazi nikiwa mjane wa miaka arobaini na minne, elimu ya msingi, mikono ina makovu ya mvuke, na namba ya kupigiwa ni ya mama mkwe.

Barua ya kwanza niliiandika kwa mkono nikaipeleka kwenye hosteli ya wanafunzi. Nikangoja. Kimya. Nilipokwenda kuuliza, karani alinitazama kama mtu aliyeona nyoka kabatini. Akasema walinipigia, tena mara mbili, na mama mmoja akawaambia friji yao wawapelekee mama zao. Nafasi ilikuwa imeshajazwa.

Nilirudi nyumbani masikio yanawaka. Nikamkuta mama mkwe anachambua mchele, chai yangu ameshaifunika na sahani isipoe. Maneno yote niliyoyapanga njiani yakaniishia mdomoni. Miaka saba tangu mwanawe afariki, hajaniita mke wa marehemu hata siku moja. Ananiita mwanangu. Utamgombeza vipi mtu kama huyo kwa ajili ya friji?

Ndipo jirani akanielekeza kwa mchapaji wa barua. Ofisi yake ilikuwa chumba chembamba kati ya kinyozi na fundi viatu: meza moja, kompyuta moja, mashine ya kutolea karatasi ambayo haifanyi kazi mpaka ipigwe kofi ubavuni, na viti viwili. Mwenyewe ni mtu wa miaka hamsini na kitu, shati limefungwa mpaka kifungo cha shingoni, miwani imeshikizwa kwa uzi. Walimwita Bwana Nukta kwa sababu akimaliza kuchapa huisoma barua kwa sauti, na kila sentensi inapoisha husema "nukta" na kutulia kidogo, kama mtu aliyetua mzigo. Nilikuja kujua kwamba yeye na mkewe walikwisha kuachana zamani, kwa taratibu zote, na hakuna aliyewahi kumsikia akimsema yule mama vibaya. Jambo hilo nililiweka moyoni.

Aliniuliza umri, elimu, kazi nilizofanya. Akachapa haraka. Akasoma: "Katika miaka yote hiyo sijawahi kuunguza chakula, nukta."

Nikamwambia afute. Hayo sikuyasema mimi, na si kweli. Niliwahi kuunguza, mwaka wa kumi na mbili, maharage.

Akavua miwani akanitazama vizuri. Akanieleza kwa upole kwamba barua ya kazi haiandikwi makosa, kila mtu hujisifia pale, na anayeisoma anajua hivyo. Nikamjibu kwamba mimi nikiomba riziki yangu kwa Mungu kila asubuhi, siwezi kuifuata mchana kwa uongo. Basi afute, au aandike ilivyokuwa.

"Ilikuwaje?" akauliza.

"Mara moja. Andika mara moja tu."

Hakuuliza tena. Akaandika: *Katika miaka kumi na tisa niliunguza chakula mara moja, nukta.* Akatikisa kichwa, lakini nikaona anatabasamu. Tulipofika kwenye namba ya simu nikamsimulia habari za friji. Alicheka mpaka kinyozi akachungulia. Kisha akasema, kama mtu anayeazimisha mwavuli, kwamba tuweke namba yake. Wakipiga, atapokea yeye, na mimi niwe napita kuuliza.

Hivyo nikawa napita, kwa miezi minane, barua ileile tukiituma kila mahali, hata mji wa pili. Nyumba moja ya mikate walisema wanataka vijana. Hoteli moja walitaka cheti, nikawaonyesha mikono yangu, wakasema cheti ni karatasi. Familia moja wakanichukua, nikapika siku tatu, wakanisifu sana, siku ya nne shangazi yao akaja kukaa nao na shangazi naye anajua kupika. Kila nilipoanguka nilikuwa napita pale kati ya kinyozi na fundi viatu, na kile kiti cha pili kilikuwa hakina vumbi wala hakina mtu. Mara nyingine nilikuta wateja wawili wamesimama na kiti kiko kitupu. Nilikuwa nauliza, "Wamepiga?" Naye anajibu, "Bado." Lakini ile bado yake ilikuwa na joto. Nilikuwa narudi nyumbani nayo kama mtu aliyepewa kitu.

Naona mambo, mimi. Miaka kumi na tisa ya kutazama watoto mia tatu wakipanga foleni inakufundisha kujua nani hajala tangu jana na nani amegombana na nani. Kwa hiyo niliona anavyosogeza karatasi akinikaribisha. Niliona macho yake yanavyonifuata mpaka mlangoni kisha yanarudi haraka kwenye kompyuta. Na yangu, Mungu ananijua, yalikuwa yanachelewa kutoka kwake. Nikajiambia ni shukrani tu.

Shemeji yangu yeye hakuona shukrani. Siku moja aliniuliza mbele ya mama, "Kila siku kuchapa barua, shemeji, au umeandika kitabu?" Akasema watu wanasema. Nikamwambia wakisema waseme na mahali penye kazi.

Sasa ile wiki yenyewe. Jumanne nilipita kama kawaida, nikauliza kama wamepiga. Alikuwa anafuta herufi za kompyuta kwa kitambaa. Hakuinua uso. Akasema, "Bado." Nikaiona ile bado haina joto. Nikadhani ni uchovu, nikamwombea nikiwa njiani.

Alhamisi mchana, saa nane, mama mkwe anapumzika kwenye kiti chake na shemeji amekuja kumletea dawa, nikasikia hodi. Bwana Nukta hajawahi kufika kwetu. Alisimama mlangoni, kifungo cha shingoni kimefungwa, karatasi mkononi. Nikamkaribisha. Hakutaka kuketi.

Akasema amekuja kuungama. Jumatatu ilipigwa simu kutoka jiko la hospitali, mji wa pili. Walitaka nifike Jumatano kwa mahojiano. Hakuniambia. Jumatano imepita. Leo asubuhi amewapigia, wamekubali nifike kesho saa nne, na anwani ameiandika kwenye karatasi hii.

Miezi minane nimegonga milango, na mlango uliofunguka amekaa nao mfukoni.

"Nilikuuliza Jumanne," nikamwambia.

"Uliniuliza."

"Kwa nini?"

Akatazama mama mkwe, akatazama shemeji, akatazama sakafu. "Kosa ni langu," akasema. "Lote. Wewe nenda kesho."

Shemeji alisimama. Hakupaza sauti, na hapo ndipo nilipojua amekasirika kweli. Alimwuliza ni mwanamume wa aina gani anayeficha riziki ya mjane, kisha anakuja na miguu yake mpaka sebuleni kwa mama wa marehemu. Bwana Nukta hakujitetea. Aliweka karatasi mezani, akaigandamiza kwa kikombe isipeperuke, akaomba radhi kwa mama, akaondoka. Mama mkwe wakati wote huo alikuwa anamtazama tu yule mtu, jinsi alivyoiweka karatasi chini ya kikombe.

Alfajiri shemeji huyohuyo alikuja kunisindikiza kituoni na begi langu amelibeba yeye. Sikumwomba. Nataka niliandike na hilo, kwa sababu mtu akikukasirikia kwa kukuhurumia, hilo nalo ni la kushukuriwa.

Basi lilichukua saa mbili na nusu. Jiko la hospitali lilikuwa nyuma ya wodi, safi, madirisha makubwa, masufuria yamepangwa kwa ukubwa ukutani. Nikayapenda kabla sijakaribishwa. Msimamizi alikuwa mama mnene mwenye aproni ya bluu, kalamu nyuma ya sikio. Barua yangu ilikuwa mbele yake, amepigia mstari mahali pamoja.

"Nimepokea barua sitini," akasema. "Watu hamsini na tisa hawajawahi kuunguza hata kitunguu. Wewe tu. Ilikuwaje?"

Nilikuwa sijamsimulia mtu. Wa nyumbani hawakuhitaji kusimuliwa, na wa nje sikutaka. Lakini nilikuwa nimeiandika mwenyewe, na yeye ameuliza kwa heshima.

Nikamwambia nilikuwa na maharage motoni, ya watoto mia tatu. Shemeji yangu akaja akasimama kwenye mlango wa jiko, na hakunisalimia. Nikajua. Mume wangu alikuwa ameanguka kazini asubuhi ile na hakuamka. Sijui nilisimama pale muda gani, mwiko mkononi. Kilichonizindua ni harufu.

Msimamizi alitoa kalamu sikioni akaiweka mezani. "Na watoto?" akauliza.

"Walikula saa tisa, wali na kabichi. Wenzangu waliniambia niende, wao watamalizia. Nikawaambia nikiondoka na njaa ya watoto hao mgongoni nitaanguka njiani. Nikabandika sufuria nyingine, ikachemka, ndiyo nikavua aproni nikaenda kumwona mume wangu."

Nje mtu alikuwa anasukuma kitoroli cha vyombo, magurudumu yanalia. Kisha akanieleza mambo ya kazi, moja baada ya jingine, kama mtu ambaye ameshaamua: nitaanza Jumatatu, kuna chumba cha wafanyakazi nyuma ya jengo, nitapumzika kila Jumamosi na Jumapili. Nikamshukuru Mungu palepale kitini, midomo yangu ikitikisika, na yeye akanisubiri nimalize.

"Sasa nina swali ambalo si la kazi," akasema. "Yule bwana wa simu ni nani wako?"

"Mchapaji wangu wa barua."

Alicheka mpaka kiti kikalia. Akasema Jumatano alinisubiri nisitokee, akanifuta kwenye orodha. Alhamisi, saa mbili asubuhi, simu ikalia.

"Akaniambia, mama, usimhesabie kosa. Hajachelewa, mimi ndiye niliyemficha. Nikamuuliza, ulimficha kwa nini? Akanyamaza mpaka nikadhani simu imekatika. Kisha akasema, kwa sababu nampenda, na mji wenu uko mbali." Akajifuta macho kwa pindo la aproni. "Nina miaka ishirini nahoji watu. Nimeletewa kila udhuru. Kuna mmoja alimzika bibi yake mara nne. Lakini huo, sijawahi."

Nilishika shavu langu nikaona ni la moto, kama nimeinamia chungu.

Nikapanda basi la kurudi nikiwa na shukrani mbili na hasira moja, na sikujua niziketishe vipi kiti kimoja. Nilimwambia Mungu wazi kwamba kwa kazi nashukuru, sana, na hili la pili anisaidie, maana siwezi kulishukuru huku sijalisamehe.

Ilipofika saa kumi nilikuwa mbele ya ofisi yake. Alikuwa peke yake. Aliponiona akasimama, na mimi nikabaki mlangoni.

"Nimepata," nikamwambia.

Akaketi taratibu. "Nashukuru Mungu," akasema. Nikamchunguza kama anasema kweli. Alikuwa anasema kweli, na ilikuwa inamuuma, na hakuficha hata kimoja.

"Jumanne ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Yule mama ameshaniambia kwa nini. Lakini siwezi kusikia habari zangu kwa mtu wa mji wa pili. Nataka kusikia kwako."

Akavua miwani. Bila miwani alionekana kama mtu aliyeamshwa. "Kila asubuhi nikifungua mlango," akasema, "kitu cha kwanza kufuta vumbi ni hicho kiti. Halafu ndiyo mashine. Jumatatu simu ilipokatika nilikitazama nikajiuliza kuanzia wiki ijayo nitakuwa nakifutia nani. Nikasema nitakuambia jioni. Jioni nikasema kesho. Kesho ukaja, ukauliza, na mdomo ukajibu kabla yangu. Sijalala tangu siku hiyo. Nakupenda, na nilikuibia siku. Vyote viwili ni vyangu."

Nikatazama kile kiti. Kilikuwa kimefutwa. Jana tuliachana nikiwa na hasira, na kwa jinsi alivyojua yeye sitarudi tena, lakini asubuhi ile alikuwa amekifuta.

"Uliwauliza mapumziko ni lini?"

"Sikuuliza. Niliogopa jibu."

"Nitakuwa narudi kila Ijumaa jioni. Ni saa mbili na nusu kwa basi."

Alinitazama kama mtu aliyevunja ukuta akakuta mlango ulikuwa wazi pembeni. Nilitaka kucheka, nikajizuia, kwa sababu nilikuwa sijamaliza. Nikaingia nikaketi kwenye kiti changu.

"Washa mashine," nikamwambia. "Andika barua."

"Kwa nani?"

"Kwa mama mkwe wangu. Unaomba ruhusa ya kuja nyumbani. Anza kama ulivyoniandikia mimi. Umri, kazi, maisha yako."

"Niandike na ndoa ya kwanza?"

"Andika. Na kosa pia."

Vidole vyake vikasimama hewani. Najua alitaka kuniambia barua ya kuomba haiandikwi makosa, kwa sababu alifungua mdomo, akaufunga. Kisha akaanza kuchapa. Alipomaliza akaipiga mashine kofi la ubavuni, karatasi ikatoka, akaisoma kwa sauti iliyokuwa inakatikakatika: *Katika miezi minane niliyomfahamu mwanao nilimdanganya mara moja, nukta.*

Nikaichukua. Vidole vyetu vikagusana kwenye pindo la karatasi, na hakuna aliyekuwa na haraka ya kuiachia.

Nyumbani nilimkuta mama mkwe na shemeji wananisubiri. Nikawapa habari ya kazi kwanza. Mama aliinua mikono juu, akashukuru kwa muda mrefu mpaka chai ikapoa, na shemeji akasema binti yake atakuja kulala na bibi siku za katikati ya wiki, hilo lisinisumbue. Kisha nikatoa barua nikaisoma. Sikuruka neno.

"Hapo kwenye kosa," mama akasema, "rudia."

Nikarudia.

"Mama," shemeji akasema, "mtu huyu amekiri mwenyewe kwamba ni mwongo."

"Amekiri. Wewe umeniambia mara ngapi utakuja Jumapili usije, na barua yako iko wapi?"

Shemeji akatazama viatu vyake. Mama akapapasa upindo wa kanga mapajani. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Mwanangu hatarudi. Nimelia, nimekubali. Huyu niliyeachiwa ni mwanangu vilevile, na sitaki azeeke hapa ananichambulia mimi mchele. Mtu aliyeweza kukaa na siri yake akaja kuitua mbele yangu, mchana, sebuleni mwangu, huyo nitamsikiliza. Sijasema nimekubali. Nimesema nitamsikiliza." Akamgeukia shemeji. "Na wewe utakuwepo, kwa sababu wewe ndiye baba wa nyumba hii sasa, na utamkaribisha vizuri."

Shemeji alivuta pumzi akaitoa. Akasema sawa, Jumapili. Na Jumapili hii atakuja kweli.

Ndipo mama mkwe alipotoa simu yake kwenye kifuko cha shingoni akanipa.

"Iweke namba yake humo," akasema. "Na jina uandike. Nisije nikamwambia mambo ya friji."

Nikaipokea. Nikakosea tarakimu mara moja. Nikafuta, nikaandika upya.